Duka letu la mapazia lichague barua pepe gani?

Swali: Asalaam aleikum. Mimi na dada yangu mkubwa tuna duka la mapazia, shuka na vitambaa vya meza hapa Mombasa, upande wa Barabara ya Biashara. Wateja wetu wa miaka yote ni watu wa harusi na wa majumbani, nao hutupigia simu au hututumia picha kwa WhatsApp. Mwaka huu tumeanza kupata oda za hoteli, Nyali na Diani. Karani wa ununuzi wa hoteli moja alipoona anwani iliyo kwenye kwotesheni yetu akauliza kama hatuna barua pepe ya kampuni. Tunatumia Gmail ya dada, ina jina lake la utani, neno "sweet" na mwaka wake wa kuzaliwa. Kijana mmoja anasema atatufanyia kila kitu, domeni ya .com na tovuti, tumlipe mara moja tu. Mume wangu anaona huko ni kutupa pesa, anasema tufungue Gmail nyingine yenye jina la duka, basi. Tufuate lipi? Na kabla ya ile @ tuandike majina yetu, au info, au nini? Na je, tuichore kwenye bango?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana mwenye duka hana saa ya kungoja. Nunueni domeni (yaani lile jina linalokaa baada ya @) ya .co.ke, yenye jina lile lile lililo kwenye bango lenu. Isajiliwe kwa jina lako au la dadako, si la fundi. Fungueni anwani mbili tu kwa kuanzia, oda@ na hesabu@, na ile Gmail ya dada msiifunge, ina kazi yake. Kijana si lazima awe mwongo, ila hayo maneno "kila kitu" na "mara moja tu" ndiyo yaliyonitia wasiwasi, na nitafika huko.

Shemeji hajakosea sana. Gmail yenye jina la duka ni bora kuliko yenye "sweet" na mwaka wa kuzaliwa, na wapo watu Marikiti na Kongowea wanaouza mali ya malori bila barua pepe yoyote. Kama wateja wenu wangebaki wale wa harusi, ningewaambia fungueni Gmail mpya leo jioni, yaishe. Kilichobadilika ni hoteli. Bibi harusi anawajua kwa sura, amekaa dukani akashika kitambaa, akalipa kwa till mbele yenu. Hoteli haiko hivyo. Kwotesheni yenu inapokewa na karani wa ununuzi, LPO, yaani hati ya kuagiza mali, inatolewa na mtu mwingine, mali inapokewa na mtu wa stoo, na ankara inamfikia mhasibu ambaye hajawahi kuona mlango wa duka lenu na pengine hataliona maisha yake yote. Huyo mhasibu ndiye mwenye kulipa, na hulipa siku nyingi baada ya mali kufika. Kinachomwonyesha kwamba barua imetoka kwenu ni anwani tu.

Sasa fikirieni Gmail yenye jina la duka. Tuseme duka linaitwa Mwambao Mapazia (si jina lenu, nimelibuni ili jina lenu libaki siri yenu). Mmefungua mwambaomapazia@gmail.com. Mtu yeyote aliyeiona ankara yenu anaweza kukaa mkahawani na simu yake, akafungua mwambaomapazia1@gmail.com kwa dakika chache, kisha akamwandikia mhasibu: "Akaunti yetu ya benki imebadilika, tafadhali lipeni hii mpya." Wizi huu ni wa kawaida dunia nzima kwa watu wanaolipana kwa ankara, nao haudai utaalamu wowote. Mhasibu akilinganisha anwani hizo mbili ataona nini? Zote ni Gmail, zote zina jina la duka, moja ina 1 mwishoni. (Nukta hazina hatari hiyo: Gmail haizihesabu, kwa hiyo mwambao.mapazia na mwambaomapazia ni sanduku moja. Ila tarakimu au herufi moja zaidi ni mtu mwingine kabisa.) Mkiwa na domeni yenu, anayeweza kufungua anwani inayoishia na jina hilo ni yule mwenye ufunguo wa domeni, basi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kutoa pesa. Heshima mbele ya karani nayo ipo, siikatai, lakini peke yake nisingewashauri mlipe senti.

Jina la domeni ndilo litakalowasumbua zaidi, na ndilo mtu hapaswi kuliamua kwa haraka, kwa sababu likishachapishwa kwenye vitabu vya risiti na kuandikwa katika fomu za hoteli, kulibadilisha ni gharama na aibu. Mimi hulipima kwa simu. Mpigie mtu asiyelijua duka lenu, awe mahali pa kelele, stendi ya matatu Mwembe Tayari au ndani ya feri ya Likoni. Umtajie anwani mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida, kisha umwambie atume neno lolote. Likifika, jina limepita. Akikuuliza "umesema h au kh?" rudini mezani.

Sisi watu wa pwani tuna mitego yetu hapa. Khadija wa Mombasa akifika kwa karani wa bara anaandikwa Hadija, Swaleh anakuwa Saleh, Fatma anakuwa Fatuma, na dhahabu ikipita kwenye simu mbovu inaandikwa zahabu. Hakuna aliyekosea, kila mtu ameandika alivyosikia, lakini barua ina herufi zake na haikubali makadirio. Kwa hiyo jina la duka likiwa na dh, th, gh au kh, au likitokana na jina la mtu lenye tahajia tatu, nawashauri mtafute jina la pili la domeni lisilo na utata, hata kama bango litabaki na la kwanza. Herufi mbili tupu za kifupi, kama MN au BD, nazo ni balaa kwenye simu, maana M na N husikika kitu kimoja, na B, D na P hivyo hivyo.

Kuna mtego mwingine ambao huja kwa sababu maneno yetu huishia na irabu. Ukiunganisha maneno mawili, la kwanza likiishia na a na la pili likaanza na a, domeni inakuwa na aa katikati: Pazia Asilia inageuka paziaasilia, na nusu ya watu wataandika a moja. Jina letu la mfano, mwambaomapazia, limesalimika kwa hilo kwa kuwa o inakutana na m. Kabla hujalipa, liandike jina lote kwa pamoja bila nafasi, mpe mtoto wa darasa la nne alisome. Akikwama mahali, mteja naye atakwama hapo hapo.

Kistari, yaani mwambao-mapazia, kinaruhusiwa katika domeni, ila sikipendi: msemaji husahau kukitaja, na msikilizaji haelewi ni cha katikati au cha chini. Kile cha chini hakiruhusiwi katika jina la domeni, na hata kabla ya @ pasipo na sababu msikiweke. Anwani ikipigiwa mstari kwenye karatasi au kwenye kioo, hakionekani. Tarakimu za mwaka ziacheni. Maneno kama "enterprises" na "limited" yaacheni pia, nimeona "enterprises" ikiandikwa kwa tahajia nne katika barabara moja. Sheria inaruhusu kipande cha jina la domeni kifike herufi 63, lakini mkipita 18 au 20 mtachoka nyinyi wenyewe kulitaja.

Jina la mtaa? Hapana. Duka likihama kutoka Barabara ya Biashara kwenda Nyali, domeni yenye jina la mtaa wa zamani itawachekesha watu. Mombasa au Pwani ni mapana ya kutosha, hayahami. "Msa" yaeleweka kwa Mkenya, ila kwa mwenye nyumba ya wageni aliyetoka Ujerumani au Italia ni herufi tatu zisizo na maana. Jina la bidhaa nalo lifikirieni: leo ni mapazia, kesho hoteli ikitaka magodoro na taulo? Nisingelitupa kwa sababu hiyo, kwa kuwa "mapazia" hueleza kazi yenu mara moja, lakini ikiwa mnajua kuwa mtapanua, jina tupu la duka ni salama zaidi.

Mkipata majina mawili matatu, angalieni kama yapo wazi, na msiangalie domeni peke yake. Jina la biashara linatafutwa katika daftari la Idara ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, na alama za biashara ziko KIPI, taasisi ya serikali inayozisajili. Domeni kuwa wazi hakukupi haki juu ya jina la mtu mwingine. Na hapa naomba mwangalie jambo moja ambalo watu huliruka: nani ana jina hilo hilo kwa .com? Vidole vya watu vimezoea kuandika .com, hata ukiwaambia .co.ke mara tatu. Kama mwambaomapazia.com ni ya mtu mwingine, tena anauza vitambaa, kuna siku LPO yenu itakwenda kwake, na huenda asiwaambie. Hapo badilisheni jina. Kama iko wazi na pesa zipo, inunueni pia, muielekeze kwenye ile ya .co.ke, muiache ikae.

Kwa nini basi .co.ke iwe ya mbele na si .com kama anavyotaka kijana? Kwa sababu wateja wenu wako Nyali na Diani, si Chicago. Miisho ya .ke inasimamiwa na KeNIC, na hununuliwa kupitia mawakala wanaotambuliwa na shirika hilo; .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke ni ya shule za msingi na sekondari, .ac.ke ni ya vyuo, na .go.ke ni ya serikali peke yake. Karani wa hoteli hapa Kenya akiona .co.ke anajua anashughulika na biashara ya hapa, na kukitokea mgogoro wa jina, msimamizi yuko nchini. Tangu 2017 mtu anaweza pia kuchukua .ke tupu, bila .co. Ni fupi na inapendeza, ila nimeona watu wakiisikia wanaongeza "co" wenyewe, kwa hiyo kwa duka linalotegemea simu ningebaki na .co.ke. Domeni hii kwa wauzaji wengi haizidi shilingi 2,000 kwa mwaka. Zile za bei ya kutupa zenye miisho ya ajabu ajabu huwa rahisi mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili ndio unaona bei yake halisi. Tena nyingi zimetumiwa na matapeli hata vichujio vya barua huzitilia shaka. Msidanganyike.

Sasa mbele ya @. Umeuliza majina yenu au info. Mimi nasema jina la kazi kwanza, majina yenu baadaye. Mkiandika jina la dada kwenye kila ankara, siku akienda Umra, au akijifungua, au akiamua kufungua duka lake, oda zitaendelea kumfuata yeye. Oda@ haiondoki dukani. Nimechagua "oda" kwa sababu kila karani wa Kenya analijua, lina herufi tatu, na halina tahajia ya pili. Info@ haina ubaya, ni ya zamani na kila mtu ameizoea. Imo pamoja na sales@ na support@ katika orodha ya majina ya kawaida iliyowekwa mwaka 1997 na watu wanaopanga kanuni za intaneti. Shida yake ni kwamba kwa kuwa imezoeleka, watumaji wa taka huibahatisha wenyewe bila kuambiwa, na sanduku hujaa matangazo.

Hesabu@ ni kwa ankara, malipo na mambo ya kodi. Itenganisheni na oda mapema, hata kama ni mtu mmoja anayesoma zote mbili, kwa sababu siku mtakayomwajiri msaidizi wa kujibu wateja hamtataka asome taarifa za benki. Mhasibu wa hoteli anaweza kuzoea kuandika accounts@, basi mwekeeni hiyo kama jina la pili la sanduku lile lile. Karibu huduma zote huruhusu sanduku moja kuwa na majina kadhaa bila malipo ya ziada, kwa hiyo mkiambiwa kila jina lina bei yake, ulizeni vizuri. Majina yenu binafsi mtayaongeza mkiona haja, jina la kwanza tu linatosha kwa duka la watu wawili. Ila nawaomba, msifungue ceo@ wala director@. Duka la ndugu wawili lenye "director" wanne huchekwa na makarani, hata kama hawasemi mbele yenu. Wala msifungue anwani saba kwa ajili ya kuonekana wakubwa. Isiyosomwa ni mbaya kuliko isiyokuwapo.

Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi kitu katika domeni. Kwenye kadi mnaweza kuandika oda@MwambaoMapazia.co.ke ili jicho litenganishe maneno, na barua itafika vile vile.

Nije kwa kijana. Kabla hamjampa hata thumni, mwulizeni jambo moja: domeni itasajiliwa kwa jina la nani, barua pepe ya nani na simu ya nani? Mafundi wengi, bila nia mbaya, hununua domeni za wateja wao wote ndani ya akaunti yao moja, kwa simu yao. Mambo huenda vizuri mpaka fundi apate kazi Doha, au laini yake ipotee, au mkosane kwa salio la shilingi elfu tatu. Hapo mnagundua kwamba jina mlilolichapisha kila mahali si mali yenu. Domeni haiuzwi moja kwa moja. Inalipiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, na isipolipiwa, barua zinaacha kuingia kwanza, kisha baada ya muda jina hurudi sokoni na mtu yeyote anaweza kulichukua. Atakayelichukua atapokea barua zenu, na kama mlitumia anwani hiyo kwa iTax au kwa akaunti nyingine, anaweza kuomba nenosiri jipya na akapewa. Ndiyo maana "mara moja tu" imenitia shaka. Hakuna malipo ya mara moja hapa. Ama amewalipia mwaka wa kwanza na hajawaambia kuhusu wa pili, ama anamaanisha kazi yake tu, na ada za kila mwaka ni zenu.

Kwa hiyo fungueni wenyewe akaunti kwa wakala wa domeni, kwa jina lenu na laini yenu, mlipe kwa M-Pesa, kisha mpeni fundi ruhusa ya kufanya kazi yake. Na katika akaunti hiyo, anwani ya mawasiliano isiwe oda@ wala hesabu@. Iwe ile Gmail ya dada. Domeni ikikatika, anwani zake zote hukatika nayo, na ilani ya "lipia kabla haijafutwa" itatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Gmail haitaathirika. Iwekeni nenosiri jipya na uthibitisho wa hatua mbili, muifungue mara kwa mara, kwa kuwa Google hufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Hakuna mteja mpya atakayeiona tena, hivyo "sweet" na mwaka wa kuzaliwa vibaki kwa amani.

Tovuti ni habari nyingine, na hamjaniuliza, lakini jueni kuwa barua pepe haihitaji tovuti. Mnaweza kuwa na domeni yenye barua pekee kwa miaka. Kinachohitajika ni mahali pa kukaa masanduku. Wauzaji wa nafasi za tovuti hutoa masanduku ndani ya bei yao, na kwa karatasi ndiyo njia rahisi. Tatizo ni kwamba seva moja, yaani kompyuta inayotuma na kutunza barua, hukaliwa na biashara nyingi, na jirani yako akituma taka, seva nzima hutiliwa shaka, na kwotesheni yako ikaangukia kwenye taka za hoteli bila wewe kujua. Huduma za barua za kulipia kama Google Workspace, Microsoft 365 na Zoho hutoza kwa kila mtumiaji, na ninyi mkiwa na mtumiaji mmoja au wawili, na majina ya ziada yasiyo na malipo, gharama si ya kutisha. Kwa mtu anayesubiri LPO, ningelipia huko. Tena dada atatumia programu ile ile ya Gmail aliyoizoea, si lazima ajifunze upya.

Kuna wanaoanza kwa kuelekeza barua za oda@ ziingie Gmail ya kawaida. Kupokea kutafanyika, sawa, lakini mkijibu bila mpango mwingine, jibu litatoka na "sweet", na mtakuwa mmerudi pale pale.

Kisha kuna vitu vitatu ambavyo hamhitaji kuvielewa kwa undani ila mnahitaji kuvidai kwa majina: SPF, DKIM na DMARC. Ni maandishi yanayowekwa kwenye mipangilio ya domeni. La kwanza hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. La pili huwezesha kila barua kutiwa sahihi ya siri isiyoweza kuigwa. La tatu humwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa kote. Bila hayo, mwizi hahitaji hata kufungua anwani inayofanana na yenu. Anaweza kuandika oda@mwambaomapazia.co.ke kwenye nafasi ya mtumaji, kama anayeandika jina la mtu mwingine nyuma ya bahasha. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma barua 5,000 kwa siku au zaidi wawe na zote tatu. Ninyi hamtafika 5,000, lakini wekeni zote. DMARC huanza kwa kutazama tu, kisha baada ya wiki chache mkiona barua zenu zinapita, mwambieni fundi aikaze ili za kughushi zikataliwe. Na SPF iwe moja tu kwa domeni. Zikiwekwa mbili, kama mafundi wawili wanaopokezana kazi wafanyavyo, hesabu inaharibika na zote hazifai.

Kumpima fundi ni rahisi. Tumeni barua kutoka oda@ kwenda Gmail yoyote, muifungue kwa kompyuta, mchague kuonyesha ujumbe asilia. Juu pataandikwa SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja neno PASS. Ikikosekana moja, kazi haijaisha, na salio la fundi lingoje.

Hayo yote hayamzuii mwizi kununua domeni inayofanana, tuseme mwambaomapasia. Kwa hilo dawa ni ya mdomo. Mkipeleka mali ya kwanza kwa kila hoteli, mwombeni mhasibu namba yake, na mwambieni wazi: akaunti yetu ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, ikibadilika tutakuja wenyewe. Mliandike hilo chini ya kila ankara pia.

Kuhama msikufanye kwa siku moja. Pimeni anwani mpya kwa wiki mbili na wateja wachache kabla ya kuchapisha chochote. Kisha badilisheni fomu za usajili wa wauzaji katika kila hoteli, benki, na KRA ili taarifa za iTax zije hesabu@. Kwenye Gmail ya zamani wekeni jibu la moja kwa moja linalotaja anwani mpya, liendelee walau mwaka mzima, kwa sababu hoteli zingine huagiza mapazia msimu kwa msimu, na karani wa msimu ujao atatafuta ankara ya msimu uliopita.

Na bango? Msiichore. Anayepita Barabara ya Biashara akitazama juu atanakili simu au atapiga picha ya jina, haandiki barua pepe. Bango libaki na jina, kazi na namba ya simu kwa herufi kubwa. Anwani iwekeni kwenye kwotesheni, ankara, kadi na kitabu cha risiti, na kwenye mhuri ikienea. Kitabu cha risiti mnachotumia sasa kimalizeni kwanza, muongeze anwani kwa mhuri mdogo. Kipya mtachapisha kikiisha.